Chupa Isiyokuwa na Namba

Mume wangu hakuwahi kucheza mpira hata siku moja, lakini kwa miaka ishirini na minne hakuna mechi ya timu ile iliyoanza bila mkono wake kupita. Alikuwa mtunza vifaa. Jezi, bukta, soksi, viatu, taulo, mipira, chupa za maji, vyote vilikuwa vyake. Wachezaji walimwita Babu Soksi kwa sababu alikuwa na ugomvi wa kudumu na soksi. Alikuwa akisema jezi ina adabu, ukiitundika inakaa, lakini soksi ikipotea ujue imeamua.

Naandika habari zake kwa kuwa gazeti lilimtaja mara moja tu, kwa mstari mmoja, na mstari wenyewe haukuwa mzuri. Mimi niliishia darasa la saba, na mambo ya sheria za mpira siyajui kwa kusoma. Ninachokijua nimekiona kwa macho yangu, kingine nimekishika kwa mikono yangu hii.

Nilikuwa nikimsaidia kufua. Zamani tulifulia uani kwetu kwa mikono, mpaka kamba za nguo zikajaa mashati ya watu kumi na wanane na majirani wakawa wanajua tumefungwa au tumeshinda kwa kuangalia tope la kwenye bukta. Baadaye klabu ikaleta mashine mbili, zikawekwa kwenye chumba kidogo chini ya jukwaa la uwanja. Hapo ndipo tulipokuwa tunashinda, mimi na yeye, tukinusa sabuni na jasho la watoto wa watu. Nyumbani aliniita Kocha. Akirudi amechoka atasimama mlangoni na kuuliza, "Kocha, niingie kipindi cha pili au nikae benchi?" Nami nitamwambia aende akaoge kwanza, hakuna kocha anayepanga mchezaji mwenye harufu ile.

Kila mchezaji alikuwa na chupa yake yenye namba ya jezi yake, zote kwenye kreti moja. Babu Soksi hakutaka masihara na chupa. Mtu akishika ya mwenzake atasikia sauti kutoka mwisho wa benchi: "Namba saba! Hayo ni mate ya namba kumi na moja. Kunywa, uanze kukosa magoli kama yeye." Wanacheka, wanairudisha. Chupa yake mwenyewe haikuwa na namba. Ilikuwa ya buluu, na shingoni alikuwa ameizungushia utepe mweupe, ule wa kufungia soksi.

Basi alikuwapo beki wa kushoto waliyemwita Wembe, kwa jinsi krosi zake zilivyokuwa zikikata. Alikuja kwetu na miaka ishirini na sita, si mtoto, lakini siku ya mechi yake ya kwanza alitetemeka mpaka kamba za viatu zikamshinda. Mume wangu alipiga goti akamfunga. Kijana akataka maji, na chupa yake, namba tatu, ilikuwa bado haijajazwa. Mume wangu akamnyooshea ile ya buluu. "Kunywa funda moja, mwanangu, uende. Hawa nao wana miguu miwili tu." Wembe akanywa, akaingia, na krosi yake ya kwanza ikazaa goli.

Tangu hapo haingii uwanjani mpaka apate funda moja kutoka chupa ya buluu. Wenzake wakaliita funda la baba. Mimi lilinikera kidogo. Nilimwambia mume wangu nyumbani, "Unamzoesha kijana wa watu kuamini chupa. Kuamini ni kwa Mungu." Yeye akacheka. "Kocha, ni maji tu. Mungu mwenyewe ndiye aliyeyaumba."

Na kweli yalikuwa maji tu, kwa misimu mitatu.

Msimu wa nne ukiwa katikati, Babu Soksi alianguka akiwa anaanika taulo. Zahanati wakampima, presha iko juu sana. Wakampa vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila asubuhi. Muuguzi akamwambia, "Hivi vinakutoa maji mwilini, mzee, kwa hiyo ukiona unakwenda haja ndogo kila saa, usije kutulalamikia." Tatizo lilikuwa koo lake. Mume wangu hakuwahi kumeza kidonge kizima maisha yake yote, kikifika kooni kinarudi. Muuguzi akasema basi kisageni. Nikawa kila asubuhi nakiweka kati ya vijiko viwili, nakibonyeza mpaka kiwe unga, namimina kwenye chupa yake, naongeza maji na ndimu kwa sababu ya uchungu, natikisa. Anaondoka nayo, anakunywa kidogo kidogo mpaka jioni.

Chupa ile ile ya buluu. Sasa mnaona. Sisi hatukuona. Funda lilianza zamani na dawa ikaja juzi, na vitu hivyo viwili vilikaa kwenye vichwa vyetu kila kimoja na chumba chake. Na kinachoniuma zaidi, ukutani mwa chumba cha kubadilishia nguo, juu kabisa ya kreti ya chupa, palikuwa na orodha ya dawa ambazo mchezaji haruhusiwi kutumia. Kila msimu ikija mpya, aliyeibandika ni mume wangu. Alikuwa akiipima kwa jicho isipinde, anaigandisha pembe zote nne. Hakuwahi kuisoma. Alisema, "Hiyo ni ya wachezaji." Daktari wa timu naye aliwaeleza wachezaji, kocha na msaidizi wake. Nani atamkumbuka mtu wa soksi?

Wapimaji wa dawa hizo zilizokatazwa walikuja siku ya mechi kubwa, wanaume wawili na mwanamke mmoja wenye vitambulisho shingoni. Walikuwa na mfuko mdogo wenye namba, wakachomoa mbili mbele ya watu: namba tatu na namba tisa. Namba tatu ni Wembe. Namba tisa alikuwa mfungaji wetu mkuu, picha yake ilikuwa kwenye kila ukuta wa mji, wakimwita Jenerali. Jenerali alisema tumbo linamkata. Mimi na mume wangu tulikuwa tunakusanya jezi kwenye korido, tukamwona kwa macho yetu anatoka mlango wa nyuma na kuingia kwenye gari la mwenyekiti wa klabu. Jezi yake hakuivua. Mume wangu alilalamika hilo tu, kwamba jezi imekwenda na jasho lake, itatoa madoa.

Wembe alikaa saa mbili. Mtu akishakimbia vile dakika tisini mwili unakuwa mkavu. Alikunywa maji waliyompa wao, chupa zenye vifuniko vilivyofungwa kiwandani, na mume wangu akamsubiri nje na taulo. Mara anachungulia mlangoni, "Baba, mkojo umegoma kutoka kama kipa wetu akiona kona." Mwishowe ulitoka, wakaugawa kwenye vichupa viwili, wakaweka lakiri, akatia sahihi. Alitoka anacheka. Hakuwa na wasiwasi wowote yule kijana. Mwenye jambo lake angeumwa tumbo.

Wiki tatu baadaye Wembe alikuja kwetu mchana, bahasha mkononi. Nilimpa glasi ya maji, akainywa yote kwa mkupuo mmoja kama kawaida yake, hata hakutazama nimeichota wapi. Ndipo akatoa barua. Mkojo wake umekutwa na dawa. Si dawa ya nguvu yenyewe, ila ni ile inayosafisha mkojo, wale wanaotumia dawa za nguvu huitumia kuficha uchafu wao. Amesimamishwa kuanzia siku hiyo mpaka kamati ya nidhamu ikae.

"Sijui hata hiki kidude ni nini," akasema. "Baba, naapa, sijameza kitu."

"Usiape," mume wangu akamwambia. "Nakujua."

"Na Jenerali?" nikauliza.

"Jenerali kapewa onyo, mama. Wanasema karatasi yake haikujazwa vizuri. Jumamosi anacheza."

Aliniomba nimtunzie barua ile. Mama yake alikuwa mgonjwa wa moyo, na nyumbani kwao kila karatasi ilipita mikononi mwake. Nikaiweka ndani ya kitabu changu cha sala.

Asubuhi yake nimekaa na vijiko vyangu viwili. Nimeshika pakiti ya vidonge, na jicho langu likaanguka kwenye jina la dawa. Lilikuwa refu, la ajabu, halisomeki. Nikasema moyoni, mbona nimeliona mahali jana? Nikaleta kitabu cha sala, nikafungua barua, nikaiweka ubavuni mwa pakiti. Nilichukua sindano yangu ya kushonea, nikawa nagusa herufi moja kwenye barua, herufi moja kwenye pakiti. Herufi kumi na tisa. Nilipofika ya kumi na tano mkono wangu ulikuwa umeshajua. Nilimaliza zote, halafu nikarudia tena kuanzia mwanzo, nikimwomba Mungu nikute hata moja iliyotofautiana.

Nikamwita mume wangu. Sikumwambia kitu, nilimwonyesha tu kwa sindano. Akaenda kukaa kwenye kizingiti, mgongo kwangu.

"Funda," akasema. "Mke wangu, ni lile funda."

Siku ile hakuniita Kocha.

Hakunywa hata chai, alikwenda moja kwa moja kwa katibu wa klabu. Alirudi adhuhuri, na alivyokuwa akinisimulia alikuwa anaangalia viatu vyake. Katibu alifunga mlango kwanza. Akauliza, "Nani mwingine anajua?" Mume wangu akamjibu, "Mke wangu." Katibu akasema, "Sikiliza, mzee. Ukisema imetoka kwenye benchi letu, kesi haiwi ya kijana tena, inakuwa ya klabu. Tunanyang'anywa pointi, tunashuka daraja. Watu wangapi wanakula hapa? Mwache kijana aombe msamaha, atapewa onyo kama Jenerali. Wale wa kamati nazungumza nao. Kikao ni siku kumi na moja kutoka leo. Wewe rudi kwenye soksi zako."

"Unaonaje?" mume wangu akaniuliza.

Hapa nawaomba mnisome polepole, kwa sababu hili ni langu, si lake. Yeye alitaka kwenda kwa Wembe jioni ileile. Tayari alikuwa amevaa shati. Mimi ndiye niliyesema, "Ngoja basi. Katibu ni mtu mkubwa, anajua njia zao. Tusali, Mungu atafungua mlango." Niliogopa. Niliogopa timu ishuke, mume wangu atolewe, jina letu lipite midomoni mwa watu. Lakini sikusema naogopa. Nilisema tusali. Nilimfunga mume wangu mdomo, na kamba niliyotumia ni jina la Mungu. Nimeungama mara nyingi, na najua Mungu husamehe. Mimi bado sijajua kujisamehe.

Siku kumi na moja. Wembe alikuja kwetu katika siku hizo. Alileta orodha ya vitu vyote alivyokula na kunywa mwezi ule, ameviandika kwenye daftari, anatafuta kosa liko wapi. "Baba, wewe una kumbukumbu, nisaidie. Ile supu ya hotelini? Au zile dawa za mafua za mwaka juzi?" Mume wangu alitazama daftari, akageuza ukurasa, akasema macho yanamsumbua. Maji ya kwenye chupa ya buluu Wembe hakuyaandika. Ataandikaje? Ni kama mtu aandike hewa.

Kikao kilikaa asubuhi. Mchana redio ikasema, miaka miwili. Mume wangu alimpigia katibu, simu haikushikwa. Akapiga tena, imezimwa. Jumamosi tulikuwa kazini, timu inacheza, na kutoka jukwaa la wageni tukasikia wimbo juu ya vichwa vyetu, watu elfu wanapiga makofi na kuimba, "Kikojozi! Kikojozi wenu yuko wapi?" Wembe hakuwepo hata kuwasikia. Mume wangu alizima mashine ikiwa katikati ya kufua, jezi zimelowana ndani, akachukua chupa yake, akaniambia, "Twende."

Kwanza tulikwenda kwa Wembe. Alitusikiliza amesimama. Mume wangu alisema yote, kidonge, vijiko, katibu, siku kumi na moja. Alijaribu kuniacha mimi nje, nikamkatiza, nikasema, "Niliyesema tungoje ni mimi." Wembe hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: "Siku ile nilipoleta daftari, mlikuwa mnajua?" Mume wangu akasema ndiyo. Wembe akaingia ndani akafunga mlango, kwa upole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Tukapeleka maelezo yetu kwa kamati, Wembe akakata rufaa, ikakubaliwa kusikilizwa. Chumba kilikuwa ghorofani, meza ndefu, watu watatu, na mbele ya kila mmoja chupa ya maji ambayo haijafunguliwa. Katibu alikaa upande wa klabu, anachezea simu. Wembe alikaa peke yake. Mume wangu alivaa koti lake la harusi ya binti yetu, akapanga mezani ushahidi wake kama anavyopanga vifaa kabla ya mechi: pakiti ya vidonge, kadi ya zahanati, vijiko viwili, chupa ya buluu. Alivinyoosha vyote vikae mstari mmoja.

"Mama, aliyesaga ni wewe?" mwenyekiti wa kamati ya rufaa akauliza.

"Ni mimi, baba."

"Ulijua mchezaji anakunywa chupa hiyo?"

"Nilijua. Ila kichwani mwangu yalikuwa bado maji."

Mmoja akatabasamu kidogo, si kwa ubaya. Mwenyekiti akamgeukia mume wangu. "Mzee, mbona hukuyasema haya kwenye kikao cha kwanza?"

Nilimwona mume wangu anamtazama katibu. Katibu alikuwa ameacha simu sasa. Neno moja tu lingetosha kumwingiza naye. Mume wangu akasema, "Niliogopa." Midomo yake ilikuwa imekauka, wakampa chupa moja ya mezani, lakini kifuniko kikamshinda. Wembe akainuka kutoka upande wake, akaichukua, akaifungua. Tulisikia kifuniko kinavyokatika. Akaiweka mbele ya mume wangu, akarudi kukaa bila kumtazama.

Mwanasheria wa kamati, msichana mdogo tu, alitueleza vizuri. Alisema mchezaji anawajibika kwa kila kinachoingia mdomoni mwake, hata kama kawekewa na mama yake mzazi. "Mama, kila anayekamatwa huja na chupa ya mtu mwingine. Tukiwaamini wote, hatutamkamata yeyote." Nilimwelewa. Sheria ile haikuwa ya kipumbavu. Lakini mume wangu alikuwa na swali.

"Na yule aliyeondoka bila kukojoa? Nilimwona. Na jezi yangu aliondoka nayo."

"Hilo halipo mbele yetu leo," mwenyekiti akasema.

"Lilikuwa mbele ya nani?"

Msichana aliandika kitu kwenye karatasi, halafu akakikata.

Walipunguza miaka miwili ikawa miezi kumi na minne. Walisema wangepunguza zaidi kama ukweli ungefika mapema, na kwamba mtu mzima wa miaka karibu thelathini hanywi chupa ya mwenzake. Klabu haikunyang'anywa hata pointi moja. Kumbe hapakuwa na sheria ya namna hiyo. Mume wangu akafungiwa mwaka mzima asikanyage benchi wala chumba cha wachezaji, na kabla wiki haijaisha klabu ikamletea barua ya kumwachisha kazi, kwa uzembe, sahihi ya katibu. Gazeti likaandika: mtunza vifaa ndiye chanzo. Ndio ule mstari wake.

Alikaa nyumbani. Kwa mtu aliyezoea kufua nguo za watu kumi na wanane, nguo za wawili hazijazi hata nusu saa. Alikuwa akianika soksi zake mwenyewe kwa jozi, anasimama kuzitazama. Nami nikawa naendelea kusaga kidonge kila asubuhi, namtilia kwenye kikombe sasa, maana ile chupa hakutaka kuiona. Ananiambia, "Weka hapo, Kocha, nitakunywa." Mwezi wa tano wa kukaa kwake nyumbani niliona maua yangu ya kwenye kopo pale dirishani yamekauka na udongo wake una unga mweupe.

Nilimlilia. Nilimwambia ataniacha peke yangu. Akasema, "Nikikiweka mdomoni namwona kijana wa watu na daftari lake."

Nilikwenda kumtafuta Wembe. Alikuwa anafyatua matofali kwa mjomba wake, mikono imechubuka. Nilimweleza nikiwa nimesimama palepale kwenye vumbi. Hakuniahidi kitu, lakini Jumapili alikuja. Aliingia, akamsalimu mume wangu, akakaa. Kisha Wembe akasema, "Baba, kile kidonge nilikusamehe siku ileile. Zile siku kumi na moja ndizo bado."

"Hata mimi," mume wangu akasema. "Hata mimi bado."

"Basi tungoje wote. Lakini ukifa mapema utaniachia ningoje peke yangu, na hiyo itakuwa si haki." Akachukua kikombe, akakitikisa, akampa. "Kunywa nikuone."

Akanywa. Tangu hapo Wembe alikuja kila Jumapili, na siku nyingine alipiga simu asubuhi, "Mama, kanywa?" Sijui kama zile siku kumi na moja aliwahi kuzimaliza. Hakusema, nasi hatukumuuliza. Walikuwa wakitazama mpira pamoja, Jenerali akifunga wananyamaza, wimbo wa kikojozi ukianza mume wangu anapunguza sauti.

Lakini miezi ile mitano ilikuwa imeshamharibu ndani. Mishipa ya kichwani ilipasuka mwezi wa kumi na moja tangu aachishwe kazi, asubuhi, akiwa anakunja taulo. Wembe alikuwa mmoja wa waliolibeba jeneza. Klabu ilituma mtu na maua. Kadi yake ilisema alikuwa mtumishi mwaminifu, nami nikaiweka kwenye kitabu cha sala, ubavuni mwa ile barua ya kwanza, ili zisomane zenyewe.

Kifungo cha Wembe kilipoisha timu yetu haikumtaka tena. Alipata timu ya daraja la chini, mbali kidogo. Kabla ya kuondoka alikuja kuniaga, begi begani, amevaa vizuri. Nilifurahi kumwona, hata nikasahau yaliyopita. Nikaingia ndani nikachota maji, nikamletea glasi kama nilivyokuwa nikimletea siku zote.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Nikaona koo lake linacheza, mtu mwenye kiu, na macho yake yanaangalia kwenye kitako cha glasi, pale unga unapoweza kutulia. Akaiweka mezani taratibu. Akafungua begi, akatoa chupa ya dukani, akaikata kifuniko, akanywa.

"Nisamehe, mama," akasema. "Si wewe. Siku hizi ni kila mahali, hata kwa mama yangu."

"Najua, mwanangu. Kunywa."

Tulizungumza habari za timu yake mpya, za nyumba aliyopata, za kocha ambaye anamtania kwamba miguu imeota kutu. Nikamwombea safari, akainamisha kichwa, akasema amina. Nilimsindikiza mpaka njiani. Niliporudi glasi ilikuwa bado pale mezani, imejaa, maji meupe safi kabisa. Nilikaa nikaitazama. Halafu nikainywa mimi.